Pengo Katika Mstari wa Mke Wangu

Wakisema kwa redio kwamba nchi inataka kubadilisha namna ya kupiga kura, wanasema kama mtu anayebadilisha shati. Mimi nimepiga kura kwa namna nyingi na hakuna hata moja iliyoniacha na moyo uliotulia. Niliacha shule darasa la pili, baba akanipa mbuzi badala ya vitabu, kwa hiyo nitaeleza vile najua. Nikipotea njia mnivumilie, nitarudi.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ile ya sitini, nikiwa kijana wa ndevu chache. Kulikuwa na picha, kwa sababu wengi wetu hatukujua herufi. Huyu alikuwa jembe, yule taa, mwingine sijui ndovu. Nilimpa wa jembe. Nilimpa kwa sababu ya jembe lenyewe, yeye hata sikumjua. Baadaye nikaja kumwona mjini Kitui akisalimia watu, nikashika mkono wake, laini kama wa mtoto wa juzi. Huyo hakuwahi kushika mpini. Yule wa taa alishindwa, na watu husema ndiye angetufaa. Lakini hayo yamepita na wenyewe wamekufa. Ninayotaka kusema ni ya mke wangu.

Mke wangu alitaka kitu kimoja, silanga. Silanga ni bwawa la udongo la kuzuia maji ya mvua, na sisi tunakaa upande wa Mutomo, mahali mvua hupita kama mgeni mwenye haraka, hata chai hanywi. Silanga yetu ilichimbwa zamani za mkoloni, ikajaa matope mpaka mbuzi akavuka bila kulowa tumbo. Kiangazi kikishika, wanawake walishuka mpaka mtoni kufukua mchanga, wakangoja maji yajikusanye chini ya shimo kikombe kwa kikombe. Mke wangu alikuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha kazi ya pamoja, leo tunalima kwako, kesho kwangu. Kila kiangazi walishuka ndani ya silanga na majembe na makarai, wakatoa matope. Kila mvua ikayarudisha.

Halmashauri ya wilaya ilikuwa na tingatinga la kuchimba mabwawa. Lilikwenda mahali palipo na kansela, yaani diwani, mwenye mdomo. Kansela wetu alikuwa mwenye duka, na pamoja na duka alikuwa na lori, na wakati wa ukame lori lile lilizunguka likiuza maji kwa mapipa. Sasa mtu anayekuuzia maji atakuletea bwawa ili iweje?

Siku moja mke wangu alikuwa anapepeta ndengu. Akasema bila kuinua macho, "Nitasimama."

"Usimame wapi?"

"Nitasimama kansela."

Nikacheka. Yeye akaendelea kupepeta. Nikaacha kucheka, kwa sababu nilimjua. Huyu mwanamke akishasema jambo akiwa na ungo mkononi, jambo limeisha.

Mwanzoni niliona ana nguvu. Wanawake wa mwethya wote wake, kanisa letu lake, na binti zetu watatu waliolewa hapa hapa karibu, kwa hiyo koo tatu ni za wakwe zetu. Nilikuwa nikitembea nikiwahesabu kichwani hata nikiwa nyuma ya mbuzi.

Ndipo chifu akaita baraza, akatuambia namna imebadilika. Hakuna karatasi tena wakati wa kuteua mtu wa chama, na chama kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo aliyeteuliwa ndiye ameingia. Kila anayetaka kiti atasimama uwanjani, au wakala wake atashika picha yake, na watu watapanga mstari nyuma. Mlolongo. Mstari mrefu umeshinda. Akasema ni jambo zuri, halina siri, halina wizi, hata asiyejua kusoma anaweza. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, sitadanganya. Nilifikiri, kweli, mstari si kitu cha kuonekana kwa macho? Nani ataiba mstari?

Mkwe wangu aliyemwoa binti yetu mkubwa ndiye aliyeona shida kabla yetu. Alikuja asubuhi nikikamua, akasimama nje ya boma la mbuzi. Alikuwa fundi wa mabati, mtu mkimya, wa kukohoa kwanza ndipo aseme.

"Baba, huu mstari."

"Una nini?"

"Nitasimamaje nyuma ya mama?"

Nikaacha kukamua. Wasomaji wa mbali niwaeleze. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wana aibu kati yao, tunaiita nthoni, na ni aibu ya heshima. Zamani akimwona anakuja njiani alitoka njiani, akaingia kichakani mpaka mama apite. Siku hizo za mlolongo mambo yalikuwa yamelegea, watu wa kanisa walisalimiana, hata kwa mkono. Lakini salamu ni ya mkono. Mstari ni tumbo na mgongo. Mnasukumana kama magunia ndani ya stoo, jasho lako kwake na lake kwako. Na mama mkwe kwetu hawi mmoja. Dada zake, wake za ndugu zake, wake wenzake, wote ni mama mkwe. Ukitazama vizuri, nusu ya wanawake wa mwethya ile walikuwa wakwe wa nusu ya vijana wa kata.

"Kwa hiyo hutasimama," nikamwambia.

"Nitasimama, baba. Nauliza tu ni vipi."

Tulishauriana na ndugu ya mke wangu, mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye ndiye alikuwa wakala. Tukakubaliana mke wangu asisimame mbele. Ndugu yake ashike picha, yeye akae kando kabisa na kina mama wazee. Tulienda Kitui kupiga hiyo picha, na mpiga picha alimwambia acheke kidogo, yeye akasema hajaona cha kuchekesha, kwa hiyo picha ilitoka kama ya mtu anayedai mbuzi wake. Tukaona tumemaliza shida. Tulifikiria mama mmoja tukasahau wale wengine.

Siku yenyewe jua lilikuwa la mwezi wa pili, jua la kugonga. Uwanja wa shule ulikuwa na mistari miwili. Wa mwenye duka ulikuwa wa wanaume peke yao, wameletwa na lori, wameshikana mabega. Wetu ulikuwa mrefu, ukatoka uwanjani, ukapita vyoo vya shule, ukapinda kwenye ua wa mkonge. Nilipouona nilishindwa kukaa mahali pamoja. Nilikimbia mpaka mwisho wake, nikarudi mbele, nikakimbia tena, mpaka jirani yetu mmoja mwanamke mzee, rafiki wa mke wangu wa kuchota maji, akaniambia, "Mzee, panga mstari, unatuhesabu kama kuku?" Nikapanga.

Mbele kabisa walikuwa wanawake wa mwethya, kwa sababu wao walifika alfajiri. Nyuma yao wakaja vijana, na wa kwanza wa vijana alikuwa mkwe wangu fundi. Mbele yake alikuwa dada mdogo wa mke wangu. Basi akasimama pale heshima ilipomwambia asimame, nyuma kidogo, mahali ambapo ng'ombe wawili wangepita bila kugusana. Vijana wengine wakajipanga nyuma yake. Hakuna aliyeona ajabu, kwetu ilikuwa sawa kabisa. Mimi mwenyewe nilipita pale mara kadhaa na sikuona kitu.

Karani aliyehesabu alikuwa mgeni, sijui alitoka wilaya gani. Alihesabu wanawake akiwagusa begani kwa kalamu, mmoja mmoja. Alipofika kwenye pengo akasimama, akaandika, akageuka.

"Endelea," ndugu ya mke wangu akamwambia. "Hujafika hata nusu."

"Mstari umeisha."

"Haujaisha. Wale kule?"

"Wale ni watazamaji. Mstari ni watu wanaofuatana. Hawa hawafuatani na hawa."

"Wanafuatana. Wameacha nafasi tu."

"Waliacha kwa nini?"

Hapo ndugu yake akaanza kumweleza habari ya nthoni, na watu wa mwenye duka wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Basi wakwe wasogee, tuone." Chifu akasema vema, wasogee, wajaze pengo wahesabiwe, mara moja tu.

Nilimtazama mkwe wangu. Uwanja mzima ulimtazama. Yule dada mdogo wa mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika leso yake kwa mikono miwili. Ilikuwa hatua chache. Mkwe wangu akakohoa. Akainua mguu, na nilidhani anakwenda. Akaurudisha.

Karani akafunga kitabu chake.

Sasa kuna wanaosema hata bila pengo wangepata sababu nyingine, kwa maana sehemu nyingi za nchi mwaka ule mstari mfupi ulitangazwa mrefu na watu wakiwa wamesimama hapo hapo wakiona. Labda. Lakini sisi tuliwapa sababu kwa mikono yetu, na ndiyo iliyoniuma. Mwenye duka alibebwa mabegani. Mke wangu alikunja picha yake ndani ya leso, akatembea nyumbani mbele yangu, na nilipoanza kumtukana mkwe wetu akaniambia, "Ungemtaka anisukume dada yangu mgongoni mbele ya chifu? Huyo ungekaa naye vipi mezani?" Kesho yake akabeba mtungi akashuka mtoni.

Miaka iliyofuata sikuweza kukaa nyumbani. Nilipeleka mbuzi mbali kuliko ilivyofaa, mpaka Emali kule Makueni, mahali ambapo bei haikuwa nzuri hata kidogo, ili tu nitembee. Nilipita soko la Nuu pia, na pale nilimjua mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, Mwislamu, mtu wa mzaha mkavu. Nilipomweleza habari ya mstari alinitazama sana.

"Mbuzi wangu wakitawanyika, hawahesabiwi?" akauliza.

"Wanahesabiwa."

"Mbuzi akiwa mbali na mwenzake, anakuwa wa mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi nyinyi mnahesabiwa vibaya kuliko mbuzi," akasema, akaendelea kutazama meno ya beberu wangu, na akanipunja bei vilevile.

Baadaye watu walianza kulalamika waziwazi, maaskofu wakasema, mawakili wakasema, na serikali ikatuma kundi la wakubwa kuzunguka nchi kusikiliza. Walipofika Kitui mke wangu akapanda lori la mkaa, mimi nyuma yake. Ukumbi ulijaa watu wa tai. Alingoja siku nzima. Alipopewa nafasi alieleza habari ya pengo, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kanisani, na ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Alingoja wamalize.

Mkubwa mmoja mwenye miwani akamwuliza, "Mama, unataka tuandike kwamba nchi ibadilishe uchaguzi kwa sababu ya mama mkwe?"

"Andika vile unaweza," akasema. "Mimi nimesema vile ilikuwa."

Mzee mmoja wa huko Migwani akasimama akampinga. Akasema karatasi ni maficho ya wezi, mstari ukiibiwa watu wote wameona, sanduku likiibiwa nani ameona? Na wasiojua kusoma watasomewa na nani? Nilimwona ni adui, na sasa nikikumbuka, yule mzee hakuwa mjinga. Maswali yake mawili yalikuwa mazuri na hakuna aliyeyajibu siku ile. Waliandika tu.

Mlolongo ukaondolewa. Karatasi zikarudi, na baada ya muda vyama vikawa vingi, na mke wangu akasema atasimama tena. Mwenye duka naye akasimama tena. Mkwe wangu fundi alikuja nyumbani akiwa na uso nilioujua wa siku ya harusi yake.

"Baba, sasa nitampa mama bila hata kumtazama," akasema.

Kila mtu alisema hivyo. Niliwapita njiani, sokoni, kanisani, wote: tuko na mama. Lori la mwenye duka lilizunguka vijijini, safari hii maji yalikuwa ya bure, na wakachota, na wakanikonyeza wakichota, kama kusema tunamla tu huyu. Nikafurahi. Mke wangu hakufurahi wala hakukasirika. Alisema maji ni maji, watu wana kiu.

Siku ya kura tulipanga mstari tena, lakini huu ulikuwa wa kuingia tu, na wakwe waliacha mapengo yao na hakuna aliyejali. Mbele yangu alikuwa yule jirani yetu mzee, rafiki wa mtoni. Hakujua kusoma na macho yake yalikuwa na ukungu, hata alama hakuziona. Karani akamwambia aseme kwa mdomo atamwekea tiki. Mezani walikaa mawakala wote, na wakala wa mwenye duka alikuwa dereva wa lori la maji. Nilikuwa mlangoni, nikamsikia dereva akikohoa, nikamwona mama yule akigeuza uso upande wa sauti. Kisha akataja jina la mwenye duka, polepole, kama mtu anayelipa. Alipotoka alinipita haraka, akipapasa ukuta. Sikumlaumu. Yule mzee wa Migwani alikuwa ameuliza hili hili.

Hata hivyo niliamini wengine. Wao walikuwa na kile kibanda cha turubai, kalamu, na mgongo wa kujificha.

Masanduku yalifunguliwa mjini. Ndugu ya mke wangu alikuwepo, na aliona la kituo chetu likimwagwa mezani peke yake. Alirudi kesho yake, Alhamisi, akakaa, akaomba maji. Nilijua hapo hapo. Mke wangu alishindwa, na alishindwa hata kwetu, kwenye sanduku letu wenyewe, kati ya watu waliosema tuko na mama. Hapakuwa na wizi. Nilimwuliza ndugu yake mara nyingi, "Una hakika hapakuwa na wizi?" Naomba Mungu anisamehe, nilitaka sana uwepo.

Wiki ile sikukaa chini. Nilipita kwa majirani bila sababu, nikiuliza mbuzi aliyepotea ambaye hakuwepo, nikitazama nyuso. Siku ya mlolongo nilijua nani aliogopa na nani hakuogopa, walikuwa hapo juani. Sasa kila mtu alikuwa sawa na mwenzake. Kila mmoja alinishika mkono akasema pole, sisi tulimpa. Wote walimpa. Kama wote walimpa, zilikwenda wapi?

Halafu ikafika siku ya mwethya. Mke wangu alikuwa amewaita kwenye silanga, kutoa matope kama kila mwaka, kwa sababu tingatinga sasa halingekuja. Nilimwambia hawatakuja. Walikuja. Walikuja wanawake, wakaja na waume zao, wakaja vijana ambao sikuwahi kuwaona na jembe. Hata jirani yetu wa macho mabaya alikuja, akawekwa kupika uji. Nilisimama kwenye ukingo nikiwatazama, na nikaona wazi kwamba waliokuja kuchimba kwa ajili yake walikuwa wengi kuliko waliompigia kura kwenye sanduku lile. Maana yake wengine wao pale, wakitoka jasho, wakiimba, walikuwa wamempa mwenye duka. Ni nani?

Mkwe wangu alikuwa upande wa juu, mbali na kina mama, anachimba kwa nguvu, shati limelowa. Nikaanza kumwendea. Nilikuwa nimeshatengeneza swali mdomoni.

Mke wangu akaniita kutoka chini, matope magotini. Nilishuka nikidhani ana shida. Akanisogelea karibu ili wengine wasisikie.

"Unakwenda kumwuliza."

"Ni mtoto wetu. Aniambie tu."

"Ukimwuliza umemrudisha kwenye mstari."

"Na wewe hutaki kujua?"

Alipangusa uso kwa mkono wa matope, akaufanya mbaya zaidi. "Nataka," akasema. "Sijalala tangu Alhamisi. Lakini nilikwenda Kitui kuwaombea mahali pa kunikataa bila kuniogopa. Hata mimi niliwatisha, unajua? Mwanamke wa mwethya akikutazama, utasema hapana?" Akanitazama vile alivyoitazama kamera kule Kitui. "Shika karai."

Nilishika. Tulitoa matope mpaka jua likageuka. Mkwe wangu alinipokea makarai juu kule, moja baada ya jingine, akisema "asante baba" kila mara, na kila mara nilifungua mdomo nikaufunga. Mvua ilipokuja silanga ilishika maji mpaka mwezi wa sita, kuliko miaka iliyotangulia, kisha ikakauka, na lori likaanza tena kuuza. Wanawake wakarudi mtoni. Mke wangu akasema uchaguzi ujao atasimama, na ndengu zilikuwa kwenye ungo, kwa hiyo nikatoka nje nikaanza tena kuwahesabu watu kichwani.